Kwa bibie wa Mkoani aliyeuliza habari za utafiti wa kongosho

Asalaam aleikum. Uzi wako nimeusoma mara mbili. Umemaliza shahada ya maabara, unataka kuingia kwenye utafiti wa saratani ya kongosho na zile vimbe ziitwazo nyuroendokrini, na kaka yako kakwambia unapoteza umri kwa "maradhi ya wazungu", tena utafiti wenyewe Pemba haufanyiki. Waliokutangulia kukujibu wamekuombea dua. Amina. Mie nimekaa na hadubini miaka kumi na sita, wacha nikupe na maneno.

Nianze na kaka yako. Nilipokuwa kidato cha nne, shangazi yangu wa Wete alianza kupandwa. Tulisema hivyo, kapandwa. Ilikuwa Ramadhani. Alasiri ikisogea, jasho linamtoka, mikono inatetemeka, kisha anaropoka, anawaita watu waliokwishakufa. Akaitwa mwalimu wa chuoni kumsomea, akamnywesha kombe lililotiwa asali kwa mkono mpana. Haikupita nusu saa shangazi kakaa kitako, anauliza mbona mmenizunguka. Siku ya pili vilevile, na ya tatu. Nyumba nzima ikaamini pepo kapata mtu wake. Kisomo sikikatai hata leo, ila asali ile nayo ilikuwa na kazi yake.

Aliyekifumbua kitendawili ni binamu yangu muuguzi, aliyefika alasiri moja kombe halijaletwa, akamchoma kidole. Sukari ya damu 1.9, chini mno. Mtu mzima kufunga kutwa hakuiteremshi hivyo. Safari za Dar es Salaam zikaanza, na baada ya miezi wakakiona: kivimbe cha sentimita moja na nusu kwenye kongosho, hakifiki kokwa ya zambarau. Jina lake insulinoma. Kinamwaga insulini, homoni ya kushusha sukari ya damu, usiku na mchana, umekula hukula. Daktari wa upasuaji wa Marekani, Allen Whipple, alikwishaziweka alama zake tatu tangu miaka ya 1930: dalili za njaa, sukari kukutwa chini wakati wa dalili hizo, na nafuu mtu anapopewa sukari. Mwalimu wetu alikuwa akiitimiza ile ya tatu kila magharibi bila kujua. Shangazi alikatwa kile kivimbe, na mpaka leo anafunga, sita zote za Shawali juu yake.

Mwaka ule ule jirani yetu, mzee mpasuaji mbao, aligeuka manjano macho, mwili ukamwasha, choo kikawa cheupe kama chokaa. Tukasema ini. Akanyweshwa mizizi, akapewa na vidonge. Kumbe ni saratani ya kichwa cha kongosho, imebana mrija wa nyongo. Kutoka manjano hadi kaburini haikufika miezi sita.

Kiungo kimoja, watu wawili, mwisho mbalimbali kama mashariki na magharibi. Hapo ndipo niliponasa mie.

Sasa umeuliza tofauti yao ni nini hasa. Kongosho lina kazi mbili. Sehemu kubwa inatengeneza maji ya kusagia chakula na kuyapitisha kwenye mirija kwenda utumboni. Ndani ya sehemu hiyo kuna mafungu madogo ya seli za homoni yaliyotawanyika, na aliyeyaona mwanzo ni Paul Langerhans, mwanafunzi wa Berlin, mwaka 1869, hata miaka 22 hajatimiza. Leo tunaviita visiwa vya Langerhans, na hilo neno insulini limetoka kwenye kisiwa kwa Kilatini. (Mwenyewe kafia kisiwani, Madeira. Sisi wa visiwani tuna haki ya kumdai.) Saratani iliyomuua jirani yetu inatokana na upande wa mirija. Vimbe za nyuroendokrini ni za upande wa homoni. Steve Jobs watu husema alikufa kwa saratani ya kongosho, ni kweli, lakini yake ilikuwa hii ya pili: iligunduliwa 2003, akafariki 2011. Ile ya mirija, hata Marekani na vifaa vyao vyote, katika wagonjwa 100 wanaofika miaka mitano hawafiki 13.

Hata jeni hazifanani. Ya mirija, zaidi ya asilimia 90 ina hitilafu kwenye jeni ya KRAS, na dunia imekaa miongo mingi bila dawa ya kuishika KRAS. Ya kwanza iliidhinishwa Marekani 2021, kwa saratani ya mapafu, na aina ya hitilafu inayoilenga ni adimu kwenye kongosho. Vimbe za homoni KRAS haiwahusu sana. Mwaka 2011 watafiti walipozisoma jeni zao walikuta hitilafu kwenye jeni za MEN1, DAXX na ATRX. Nyingi zina vipokezi vya homoni ya somatostatini juu ya ngozi ya seli, na kwa mlango huo huo watu wamepitisha dawa: kwanza okitreotaidi, baadaye ile iliyofungwa na lutesiamu yenye mnururisho, inayokwenda kulichoma jumba kutoka ndani. Hii iliidhinishwa Marekani 2018. Ukiniuliza uchague upande gani, nitakwambia wa homoni kwanza, maana huko unaweza kuona kazi ya maabara ikibadili matibabu ya mtu ukiwa bado hai.

Kazi yenyewe usiione kama kwenye picha. Mwaka wangu wa kwanza nilikata nta. Nyama imelala kwenye parafini, mashine inaichana vipande vya mikroni nne, unavielea kwenye maji ya vuguvugu, unavinasa kwa kioo kama mtu anayeteka dagaa kwa kawa. Mwaka wa pili nilihesabu. Ipo rangi iitwayo Ki-67, inageuza kahawia viini vya seli zinazogawanyika. "Ki" ni mji wa Kiel, Ujerumani, ilikozaliwa. Unatafuta mahali palipo na kahawia nyingi, unahesabu seli mia tano, elfu, elfu mbili. Chini ya asilimia 3, uvimbe ni wa daraja la kwanza. 3 mpaka 20, la pili. Juu ya 20, la tatu. Ukikosea seli chache karibu na mpaka, mgonjwa anahamishwa daraja. Nilikuwa naota nukta za kahawia, wallahi.

Na kosa langu nikwambie, maana hili halimo vitabuni. Kuna siku ilikuja kwa boti sampuli ya kongosho kutoka spitali moja, kwenye chupa iliyokuwa ya achari, na bado inanukia ndimu. Nyama imejaa chupa, formalini, ile dawa ya kuhifadhia nyama isioze, ni ya kulowesha kidole tu. Mie nikaipokea, nikaandika namba, nikaiacha mpaka kesho yake kwa kuwa ni Ijumaa jioni. Tulipoikata, hakuna seli. Uji. Kongosho limebeba vimeng'enya vya kusagia nyama, likikatwa na kuachwa linajisaga lenyewe, haraka kuliko ini au titi. Mgonjwa akaambiwa apasuliwe tena, akakataa, na simlaumu. Tangu siku hiyo sizungumzi na mtu habari za jeni kabla sijamuuliza formalini: asilimia 10 iliyowekewa bafa (chumvi za kuituliza asidi), mara kumi ya ujazo wa nyama, ndani ya saa moja. Waliotuma walikosea, lakini aliyeipokea na kwenda zake nyumbani ni mie.

La jingine la kwetu: kromogranini A, kipimo cha damu cha vimbe hizi, hupandishwa na omeprazoli, dawa ya asidi ya tumbo. Na kisiwani petu nani asiyemeza omeprazoli? Kabla hujashangilia namba kubwa, muulize mtu anatumia nini cha tumbo.

Hilo la pili la kaka yako, kwamba Pemba haufanyiki utafiti wa maana, mwambie akaulize Wawi. Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri ipo tangu 2000, wanashughulika na minyoo na kichocho. Na majaribio ya kuwapa watoto madini ya chuma, yaliyotolewa 2006, yalifanywa Pemba hii hii: kwenye malaria nyingi, watoto waliopewa chuma walizidi kuugua, na Shirika la Afya Duniani likabadili ushauri wake. Panya wa kubadilishwa jeni huwezi kufuga Mkoani, hiyo kweli. Lakini kukusanya vitalu vya nta vya miaka iliyopita, kuvisoma upya, kuvipima Ki-67, kuvilinganisha na yaliyowapata wagonjwa, hilo linahitaji kibali cha kamati ya maadili, orodha nadhifu na mtu asiyechoka.

Njia yenyewe: omba chumba cha histolojia, kule nyama zinakokatwa na kusomwa kwa hadubini, kwengine usikubali. Jifunze takwimu kwa programu ya R, ni ya bure. Uzamili baada ya miaka miwili ya mikono kuchafuka, si kabla. Mshahara utakuwa mdogo kuliko wa shoga zako walioingia benki. Mie mke wangu anauza sambusa na ndizo zilizolipa ada yangu ya mwanzo.

Na umeuliza uanze na nini. Kesho alfajiri nenda kwa mchinjaji, mwambie akukatie kongosho la ng'ombe, atakucheka, mpe pesa yake. Ligawe mawili. Nusu itie formalini hapo hapo machinjioni, nusu iache mezani mpaka adhuhuri ndipo uitie. Zikate, zipake rangi, vitafute visiwa kwenye kioo cha kwanza, kisha vitafute kwenye cha pili. Halafu rudi kwenye uzi huu utuandikie ulichokiona.