Maswali na Majibu: Nembo za Safari za Anga

Nembo ya kwanza ya wanaanga wa Marekani ilikuwa ya safari ipi?

Gemini 5, Agosti 1965. Gordon Cooper na Pete Conrad walichagua gari la turubai la wahamiaji wa kale, wakaliandikia kaulimbiu ya kuapa kukaa angani siku 8. James Webb, mkuu wa NASA, alihofia kwamba safari ikikatizwa watachekwa, akaagiza maneno hayo yafunikwe kwa kitambaa hadi watakaporudi.

Kwa nini nembo ya Apollo 11 haina majina?

Kwa sababu Michael Collins, mmoja wa wanaanga wake, na wenzake walitaka iwe ya kila aliyeifanyia kazi safari ile, na kwa sababu hiyohiyo waliandika 11 kwa tarakimu ili msomaji wa lugha yoyote aelewe. Tai aliyechorwa kwenye nembo hiyo alipotua juu ya Mwezi akiwa amekunjua kucha tupu, wakubwa walimwona anatisha, ndipo tawi la mzeituni likahamishwa kutoka mdomoni hadi kwenye kucha. Kivuli cha Dunia kimewekwa upande usiostahili, lakini kosa hilo nalisamehe upesi kuliko nembo nyingi za baadaye, zilizojazwa bendera, majina na mitambo hadi jicho halijui pa kutua.

Nimeuziwa nembo ya kutariziwa iliyovaliwa Mwezini. Ina thamani gani?

Swali hili hurudi kila mara, na jibu halibadiliki: umedanganywa. Baada ya moto wa Apollo 1 kuua wanaanga 3 Januari 1967, nembo za suti zilichapwa kwenye kitambaa cha Beta, kilichofumwa kwa nyuzi za kioo zisizoshika moto. Nembo za uzi zilizofika Mwezini zilisafiri mizigoni kama kumbukumbu. Hati ya uhalisi aliyojiandikia muuzaji isikubabaishe.

Nyota 7 katika nembo ya STS-107, safari ya chombo cha Columbia, ni za nini?

Ni kundinyota la Njiwa, na idadi yake ni ya wanaanga wenyewe.

Ninabuni nembo ya klabu yetu yenye roketi, sayari 8, kaulimbiu na majina ya wanachama wote. Nianzie wapi?

Anza kwa kufuta. Uzi una unene wake, na herufi fupi kuliko milimita 5 huziba matundu, hivyo majina yenu yatasomeka kama mshono uliochakaa. Itazame Apollo 15, ambayo Emilio Pucci, mbunifu wa mitindo wa Italia, aliibuni kwa ndege 3 tu, mmoja kwa kila mwanaanga, huku XV, yaani 15 kwa tarakimu za Kirumi, ikifichwa katika vivuli vya mashimo ya Mwezi. Sayari mnazoweza kuziacha ni zote 8.