Herini za Bibi Ziache Sandukuni

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 19, naishi Wete. Nachora hina na piko kwa maharusi, na pesa ninayopata naimalizia kwenye kalamu za kuchorea. Ncha zinakufa hata mwezi haujaisha, na nikipaka rangi ya maji juu ya mistari, wino unatapakaa. Msimu wa karafuu uliopita nilimrekodi bibi kwa simu akichambua karafuu, dakika 6. Maneno hayasikiki, upepo mtupu. Kibaya zaidi niliiweka kwenye status, kumbe nyuma jirani yetu anaonekana kichwa wazi, kanga moja, anateka maji. Mama amenipiga marufuku kurekodi, anasema yote haya ni mchezo wa kupoteza pesa. Nafikiria kuuza herini za dhahabu alizonipa bibi ninunue kamera nianze upya. Nifanyeje? Mchora Hina.*

Marahaba, mwanangu.

Herini usiuze. Kamera mpya ingekupa upepo uleule na jirani yuleyule, ila wanaonekana vizuri zaidi.

Tuanze na jirani, kwa sababu hapo ndipo mama alipokasirika. Habari ya pesa imeingia baadaye, kama kuni za kuongezea moto. Mtu aliye uani kwake hakukupa ruhusa, na status kufutika baada ya saa 24 si hoja, kwani aliyetaka kuihifadhi keshaihifadhi. Nenda kwake kwa miguu yako baada ya alasiri, usimtumie ujumbe. Mwombe radhi, ifute video mbele ya macho yake, na wale uliowatumia uwaambie waifute. Mama akikubali kufuatana nawe, bora zaidi. Na tangu leo, kabla hujabonyeza kitufe chekundu, pitisha macho kwenye pembe nne za kioo cha simu. Uso wa bibi utauona tu hata usipouangalia. Pembeni ndiko kunakoponza. Funga kamba nyuma yake utundike jamvi au kanga, na waambie majirani utarekodi saa ngapi. Bibi mwenyewe achague ushungi atakaojitanda, na awe wa kwanza kuitazama kazi ikiisha.

Sasa kalamu. Mkono wako wa hina ni mali, lakini nadhani hujauhamishia kwenye karatasi. Ukichora hina, ncha ya koni huikandamizi kwenye ngozi. Unaiinua kidogo, hina inashuka yenyewe kama uzi. Ukishika kalamu unabonyeza kana kwamba unaandika mtihani. Ncha ya kalamu hizi ni kijiti chembamba cha plastiki ndani ya kichuma. Ukikandamiza, kijiti kinarudi ndani, kichuma kinaanza kukwaruza karatasi, na kalamu imekufa ilhali wino bado umo. Namba nazo hudanganya wengi. Kwa kalamu za chapa ya Pigma Micron, 005 ni mstari wa milimita 0.20, 01 ni 0.25, 05 ni 0.45 na 08 ni 0.50. Hiyo 005 ndiyo inayokufa upesi kuliko zote, na kwa kazi yako huihitaji. Nunua 01 na 05 tu, uzilaze zikiwa zimefunikwa, na usipitishe ncha juu ya kalamu ya nta wala rangi nzito iliyokauka, kwani huziba na kumomonyoa.

Wino unatapakaa kwa sababu aina uliyonunua rangi yake imeyeyuka majini kama sukari kwenye chai. Maji yakirudi, nayo inarudi kuyeyuka. Unaoutaka ni wino wa chembe, ambao chembe zake hukwama kwenye nyuzi za karatasi na maji hayazing'oi. Jaribu kabla hujaharibu mchoro: piga mstari, ngoja dakika 10, pitisha kidole kibichi. Ukiacha wingu, kalamu hiyo ni ya kuchorea pakavu tu. Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 haiwezi rangi ya maji, hujikunja kama papadi. Tafuta ya gramu 200 kwenda juu. Na wakati wa masika karatasi hunyonya unyevu, wino hutoa vinyweleo pembeni hata ukiwa mzuri, kwa hiyo funga karatasi ndani ya mfuko wa nailoni na utie vile vipakiti vya chengachenga vinavyokuja na viatu vipya. Chini ya kiganja weka kipande cha karatasi, maana jasho na mafuta ya mkono huufanya mstari uruke.

Hizo kalamu ndizo zitakazokutengenezea filamu. Kunja A4 mara tatu upate vyumba 8, na katika kila kimoja chora fremu (kisanduku cha tukio moja utakalorekodi) ya milimita 96 kwa 54, ambao ndio umbo la kioo cha simu ukiilaza. Watu wachore kwa 05, vya nyuma kwa 01. Hapo tu utaona kilicho mbele na kilicho mbali. Chini ya kila fremu andika sekunde ngapi na sauti gani. Karatasi tatu ni fremu 24; kila moja ikichukua sekunde 7 na nusu, una dakika 3 kamili. Dakika 6 za kutazama mahali pamoja bila kusogea hata shangazi yako asingezivumilia. Vidole vinavyotenga karafuu na makonyo vinastahili fremu yao, pakacha vilevile, na uso wa bibi akinyamaza.

Ugonjwa mkubwa ni sauti. Simu ilikuwa mbali, labda mita 3. Kila umbali ukizidi maradufu, sauti hupungua kwa desibeli 6. Toka sentimita 30 hadi mita 3 umepoteza desibeli 20, na upepo haukupungua hata chembe. Azima simu ya pili iwe ya kunasia sauti tu. Ifiche nyuma ya pakacha, sentimita 40 kutoka mdomoni mwa bibi, tundu la maikrofoni (kwa simu nyingi liko chini, karibu na pa kuchajia) likimwelekea. Lifunike kwa sponji ya godoro ya sentimita 2 na kitambaa chenye manyoya juu yake, kwani upepo ukigonga lile tundu unatoa ngurumo ambayo programu haiwezi kuiondoa bila kuondoka na sauti ya bibi. Usiitie ndani ya nguo, nguo husugua. Zote mbili ziwe kwenye hali ya ndege. Zikishaanza kurekodi, piga kofi moja mbele ya kamera. Wakati wa kuhariri utalinganisha mlio na viganja vinavyokutana.

Ukirekodi ndani, zima pangaboi na friji. Ufunguo wa mlango uweke ndani ya friji ili usitoke bila kuiwasha tena, la sivyo samaki wa mama wakioza hutashika simu mwaka mzima. Adhana ikianza, simama. Mbali na heshima, ukikata kipande katikati ya adhana, msikilizaji ataisikia ikikatika na kuruka. Mwisho nasa nusu dakika ya mahali hapo pakiwa kimya. Ndiyo ya kuzibia mapengo.

Kuhusu mwanga, rekodi saa 1 hadi saa 2 na nusu asubuhi, au baada ya saa 10 na nusu jioni. Adhuhuri jua liko utosini na macho ya bibi yatakuwa mashimo. Mkalishe barazani kivulini akitazama nje, gusa uso wake kwenye kioo na ushikilie mpaka mwanga ujifunge. Ukitumia taa, weka fremu 25 kwa sekunde (hizi ni picha zinazounda video, si zile ulizochora) na shata, yaani muda wa kila picha kupokea mwanga, 1/50 ya sekunde, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50 na fremu 30 huweza kuleta mistari inayopandapanda. Simu yako isipokuruhusu, programu ya Open Camera ya simu za Android ni ya bure. Acha nafasi ya gigabaiti 4.

Mama usibishane naye. Fungua daftari, andika pesa ya hina inayoingia na ya kalamu inayotoka, umwachie mahali atakapoiona. Marufuku yake iheshimu mpaka aiondoe, michoro hajakukataza. Siku ukitaka kuionyesha kazi nje ya familia, ulizia kwanza utaratibu wa BASSFU, baraza la Zanzibar linalosimamia sanaa na filamu. Na Tamasha la Nchi za Jahazi (ZIFF), tamasha la filamu la Zanzibar lililofanyika mara ya kwanza 1998, hupokea pia filamu fupi.

Bibi akishainuka, usizime simu ya sauti. Karafuu zilizokauka ukizigeuza kwa mkono juu ya jamvi zinalia kama changarawe nyepesi, mbichi hazilii hivyo. Isogeze hadi sentimita 15, nasa dakika moja, na mlio huo uuweke mwanzo kabisa, kioo kikiwa bado cheusi.