Kuhusu safari ya kundi kwenye njia za mawe, Uluguru

Ndugu yangu, umeuliza kama gari lako linalovuta kwa magurudumu yote manne, ambalo halijawahi kutoka nje ya lami ya Dar es Salaam, linaweza kuongozana na wenzako kwenye njia za mawe za milima ya Uluguru. Linaweza, mradi ukubali kwenda polepole kuliko unavyodhani.

Lami ikiisha, punguza upepo wa matairi kutoka pauni 35 hivi hadi karibu 22, ili mpira ulainike na kulishika jiwe. Lakini beba pampu, kwa sababu ukirudi barabara kuu na kukimbia na matairi laini, yatapata moto na yanaweza kupasuka.

Mimi mara ya kwanza nililipitisha jiwe katikati ya magurudumu nikidhani nimelikwepa, kumbe difu, lile bonge la gia lililo katikati ya ekseli, ilikuwa chini zaidi, na ule mlio wa chuma kukwaruza mwamba naukumbuka hadi leo. Panda jiwe kwa tairi lenyewe, ukiwa kwenye 4L, yaani magurudumu yote manne yakivuta kwa nguvu na mwendo wa polepole, na gia ya kwanza, na dole gumba lisiingie ndani ya usukani, kwani usukani ukirushwa ghafla unaweza kulivunja.

Mtu mmoja tu ashuke na kumwelekeza dereva kwa mikono; wakielekeza watatu, dereva hajui amfuate nani. Gari la nyuma lisianze kupanda kabla la mbele halijafika juu. Na masika yakianza, tafadhali ahirisheni.