Giaboksi inayolia njugu: ipasuliwe au iachwe?

SWALI: Assalaam alaykum, fundi. Nina BMW R 1150 GS ya 2002, niliinunua Dar kwa msafiri aliyemaliza safari yake. Imeshatembea kilomita 84,000. Nikisimama nyutro giaboksi inalia kama njugu ndani ya kopo, khasa ikishapata moto. Nikikamata klachi inanyamaza. Tena nikipanda vilima nasikia mngurumo mwengine, mzito. Fundi wa hapa anataka kuipasua abadilishe beringi zote. Nimkubalie? (Msomaji, Chake Chake)

JIBU: Waalaykum salaam, sheikh wangu. Mwambie fundi aweke spana chini kwanza. Mie niko Unguja, giaboksi yako siisikii, kwa hiyo sikuambii kuwa ni nzima. Lakini umeandika maneno matatu yenye thamani kuliko beringi zote utakazonunuliwa: "nikikamata klachi inanyamaza."

Klachi ya pikipiki hii ni kavu, ya sahani moja, kama ya gari. Ukiwa nyutro na mkono umeuachia, injini inazungusha shafti ya kuingilia giaboksi pamoja na gia zinazokamatana nayo, lakini hazibebi mzigo wowote. Baina ya jino na jino lazima pawe na nafasi ndogo, vyenginevyo oili haipiti na gia zinajila. Sasa injini ya mitungi miwili haizunguki laini. Inasukuma, inalegea, inasukuma tena, na kila ikisukuma jino linampiga mwenziwe, kila ikilegea linarudi. Hizo ndizo njugu zako. Oili ikipata moto inakuwa nyepesi, mapigo yanasikika zaidi. Ukikamata klachi, shafti inasimama na ngoma inakatika. Boksa za BMW za miaka ile, yaani zenye mtungi mmoja kulia na mmoja kushoto, zina tabia hii tangu zikiwa mpya.

Niliwahi kuipasua moja kwa kelele hiihii. Siku nne, beringi mpya, sili mpya. Nikaifunga, nikawasha: njugu zilezile. Jirani yangu mmoja, mzee wa kutengeneza vespa, akaja akasimama. Giaboksi hakuiangalia kabisa. Akapeleka mkono karibu na paipu ya moshi ya mtungi wa kulia, kisha wa kushoto, akasema: "Huyu anavuta, yule anasindikizwa." Tukasawazisha waya za eksileta za pande mbili, kelele ikapungua karibu nusu. Fedha za ufundi sikuweza kumdai mwenye pikipiki.

Kwa hiyo njugu zitafutie kwenye injini. Ikiwa baridi, pima nafasi za vali: za kuingiza milimita 0.15, za kutoa 0.30. Kisha sawazisha mitungi. Kila mmoja una mlango wake wa hewa na waya wake, na mitungi ikivuta kwa nguvu zisizolingana, injini inakwenda kwa kuchechemea na giaboksi ndiyo inayopiga kelele kwa niaba yake. Geji za kupimia mvuto wa hewa zikikosekana, chukua mpira mwembamba unaoonesha ndani, mrefu mita kadhaa, ukunje kama herufi U, tia oili kidogo chini, ncha moja kila upande kwenye vitundu vya kupimia. Oili ikipanda upande mmoja, huko ndiko kunakovuta zaidi. Uwe tayari kuzima haraka, maana tofauti ikiwa kubwa injini itainywa hiyo oili. Mwisho hakikisha injini ikitulia inazunguka kama mara 1,100 kwa dakika. Watu wengi huishusha chini ya hapo wakidhani wanaokoa mafuta, wakaongeza njugu.

Mambo yangekuwa kinyume, yaani kimya ukiachia na kilio ukikamata, ningekwambia tazama beringi ya klachi. Kwenye mashine hii klachi yenyewe ni kavu lakini inasukumwa kwa mafuta, si kwa waya, na beringi hiyo inakaa nyuma ya giaboksi, kwenye silinda ndogo inayosukuma. Hata hiyo haitaki giaboksi kupasuliwa.

Huo mngurumo wa vilimani ndio unaonipa wasiwasi kidogo, na hukunieleza unapanda kwa gia gani. Najua barabara za Pemba: kilima, kona, jamvi la karafuu pembeni, punda, kilima tena. Mtu anaingia na gia ya nne, mizunguko imeshuka chini ya 2,000, naye anaongeza eksileta tu. Hapo kila kitu kutoka klachi hadi tairi kitanguruma, hata kikiwa kipya. Panda kilima hichohicho kwa gia ya pili. Ukiondoka mngurumo, mgonjwa ni mkono wako. Gia ya sita isahau. Ilitengenezwa kwa barabara kuu za Ulaya, na Pemba nzima haifiki kilomita 70.

Usipoondoka, tafuta mteremko mtupu, weka nyutro, iache ishuke yenyewe. Injini usiizime wala switchi usiiguse: kama yako ina ile ABS (breki zisizoacha gurudumu likwame) yenye pampu, breki zake zinasaidiwa na umeme, na switchi ikifungwa utaminya mkono ukute karibu hakuna kitu. Sauti ikibaki na kupungua kadiri mwendo unavyopungua, inatoka nyuma: difu (gia za kwenye gurudumu la nyuma), propela shafti, beringi ya gurudumu, au tairi lenyewe. Tairi la vigingi vikubwa lililoliwa upandeupande linanguruma kama beringi iliyokufa, na wameshabadilisha difu watu wenye akili zao kwa sababu ya tairi. Sauti ikija kwenye gia moja tu, ikibebeshwa mzigo, hapo ndipo beringi au gia ya ndani inaposhukiwa.

Difu ipime hivi. Pikipiki isimame kwa stendi ya kati, gurudumu la nyuma liwe juu. Likamate juu na chini, ulisukume na kulivuta. Likicheza na ukasikia tik, au ukaona oili imetambaa ndani ya rimu, usiendeshe hata kwenda sokoni. Beringi kubwa ya difu ikivunjika, gurudumu halina ahadi.

Halafu oili. Kosa ninaloliona kila mwezi ni mtu kubadilisha oili ya injini ili giaboksi itulie. Kwenye pikipiki ndogo za cheni ni sawa, maana injini, klachi na gia zinakunywa kisima kimoja. Yako ina visima vitatu: injini, giaboksi, difu. Giaboksi na difu zinataka oili ya gia, iliyoandikwa GL-5 na namba 90. Giaboksi ijaze hadi mdomo wa tundu la kujazia, pikipiki ikiwa wima. Difu inachukua kama robo lita tu. Nati za kumwagia zina sumaku. Ukikuta uji wa kijivu, laini kama wanja, hiyo ni kawaida ya meno kusuguana. Ukikuta vipande vinavyochoma kidole, mwite fundi wako umpe spana zake.

Kuna ugonjwa mmoja wa mashine hizi usio na kelele kubwa, nao unanitisha kuliko njugu. Ni kuliwa kwa meno ya shafti ya kuingilia, pale inapovaa sahani ya klachi. Dalili yake gia zinaingia kwa ugumu, kisha siku moja injini inalia na gurudumu haliendi. Si lazima kupasua ili kujua. Vua stata, tia gia, mwenzio akanyage breki ya nyuma na kukamata klachi, nawe kwa bisibisi isukume sahani kuelekea mbele na nyuma kwa mzunguko wake kupitia tundu la stata. Ikicheza kidogo sana, funga uendelee na maisha. Ikicheza kama mlango uliolegea bawaba, anza kukusanya fedha.

Yote hayo yakiwa salama, njugu zitabaki na itabidi uzizoee. Ukisubiri kwenye foleni, weka nyutro na uachie mkono, ilie. Wapo wanaokaa wamekamata klachi dakika tatu kwa kuona haya, wakaila beringi ya klachi ili kuficha sauti isiyo na madhara. Wala usiipime sauti ukiwa katika vichochoro vya Mji Mkongwe, kuta zile zinafanya hata vespa isikike kama trekta.

Ila kabla ya yote hayo, anza na zile sumaku mbili za nati za kumwagia, ya giaboksi na ya difu, na usizipanguse kabla hujazipiga picha.