Usinunue turbo nyingine kabla hujafungua bolti ya oili

Mkuu hiyo hela rudisha mfukoni kwanza. Umesema Subaru Forester XT yako ya 2005 inatoa moshi wa bluu asubuhi, ukikanyaga inapiga mluzi, na fundi kakwambia turbo (ile feni inayosukuma hewa kwenye injini gari lipate nguvu) imekufa, nenda kwenye maduka ya spea Gerezani kachukue ya mtumba akufungie Jumamosi. Njia hiyo mimi nimeshapita, nikarudi kwa miguu. Ngoja kwanza nikuokoe.

Wanaokushauri hapo juu "badilisha tu turbo mkuu, kazi ya nusu siku" wote hawajaambiwa kitu kimoja. Ndani ya turbo kuna shafti nyembamba inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, na nyingi hazina gololi wala nini, shafti inaelea kwenye oili basi. Oili ikichelewa kufika, ikiwa kidogo au chafu, chuma kinakula chuma. Kwa hiyo turbo yako kama kweli imekufa kuna kitu kimeiua, na muuaji bado yupo humo humo kwenye gari anasubiri uje na ile ya mtumba. Kufunga turbo mpya bila kumtafuta ni sawa na kumbadilishia mgonjwa dripu wakati mshipa wenyewe umeziba.

Sasa muuaji wangu mimi alikuwa bolti. Bolti tu! Kwenye injini nyingi za Subaru za turbo za aina ya EJ, kama yako, oili inatoka nyuma ya silinda hedi ya kulia kwa kabomba kembamba, na pale kabomba kanapoanzia kuna bolti yenye tundu, ndani yake wamechomeka kichujio cha wavu ambacho unaweza kukificha chini ya ncha ya kidole. Siyo zote zinacho, na nyingine mwenye gari wa kwanza alishakitoa, ila hutajua mpaka ufungue. Kazi yake kuzuia uchafu usifike kwenye turbo, ambayo ni nzuri, mpaka pale uchafu unapojaa na kinaanza kuizuia oili yenyewe.

Fundi wangu (wa Tabata, simtaji, ana watoto) hakuigusa. Alitoa turbo ya zamani, shafti inacheza huku na huku, akanionyesha kama vile kagundua dhahabu, "unaona boss, imekwisha". Kwa nini imekwisha hakuuliza na mimi sikuuliza maana nilikuwa nawaza safari ya Desemba. Gerezani muuzaji kaizungusha ile ya mtumba kwa kidole, kaipuliza, kaniapia kwamba haijawahi kukanyaga lami ya bongo. Zaidi ya milioni ikaondoka. Kwenye kufunga fundi akasema gasketi hakuna haja, akapaka silikoni mpaka pale oili inapoingilia, kwenye kitundu ambacho hata njiti ya kiberiti inapita kwa kubembeleza. Silikoni ikibanwa inavimbia ndani mkuu, sasa piga hesabu, juu kichujio kimeziba, chini silikoni inachungulia, oili ipite wapi.

Gari likatoka gereji tamu balaa. Likawa linavuta, mluzi hakuna, moshi hakuna, nikampa na ya soda.

Desemba nikapakia familia, safari ya Moshi. Mpaka Chalinze raha, Wami tukavuka vizuri, mbele kidogo kwenye kupandisha nikasikia sauti kama king'ora cha zimamoto kinatokea mbali, nikapunguza redio nikidhani ni msafara wa mkubwa. Kumbe msafara ni wetu. Nguvu ikakata, nyuma ukafuka moshi mpaka basi likawa linaniwashia taa na kunipigia honi.

Na hapa ndo pa kusoma mara mbili, maana turbo kufa siyo iliyonimaliza. Nilipaki pembeni nikampigia fundi. Akanijibu kwa utulivu kabisa, nadhani alikuwa anakula: "Usiwe na wasi boss, turbo ikifa gari linatembea tu kama lisilo na turbo, nenda mdogo mdogo mpaka Segera." Nikaenda mdogo mdogo. Turbo iliyokatika inatema oili upande wa egzosi na upande wa hewa, kwa hiyo kila kilomita oili inapungua injini nzima siyo turbo peke yake, halafu vile vichuma vilivyosagika vinarudi na oili kwenye sampu (trei ya oili chini ya injini), pampu inavivuta tena na vile vidogo vinaponyoka mpaka kwenye beringi za krenki, shafti kuu ya injini. Kabla ya Mkata nikaanza kusikia ko, ko, ko, ukikanyaga inaharakisha ukiachia inatulia. Mke wangu akauliza hiyo nini nikamwambia ni mzigo huko nyuma. Taa ya oili ilipowaka ndo nikazima, na haikuwaka tena injini ile, labda kaburini.

Fundi mwingine ndo alinifungulia macho. Alimwaga oili kwenye beseni juani, inametameta kama mafuta ya kujipaka ya watoto wa kike. Kisha akafungua ile bolti, akatoa kichujio kwa kibanio, akakipuliza, hewa haipiti. Akakimulika kwa tochi ya simu, giza. Akanikabidhi kiganjani hana hata neno. Kwa bei ya kusafisha kile kidude unapata chipsi mayai. Mimi nililipa gari la kuvuta, injini ya mtumba, turbo nyingine na intakula (kile kipoza hewa inayotoka kwenye turbo), hizo hela ukijumlisha ningekuwa na kiwanja Chanika saa hizi. Wife mpaka leo gari analiita mke mwenza.

Yule wa Tabata nilipomrudia unajua alisema nini? "Hizi Subaru ndo zilivyo boss." Hao ndo mafundi maiko wetu, gari likipona ni ujuzi wake, likifa ni kosa la Mjapani.

Kwa hiyo wewe kabla ya Gerezani, injini ikiwa ya baridi, mwambie afungue hiyo bolti, atoe na kabomba kote akapulize mpaka hewa itoke upande wa pili, aangalie na bomba la kurudishia oili kwenye sampu maana likiziba lile oili haina pa kwenda inapenya kwenye sili na unapata moshi wa bluu wakati turbo yenyewe nzima kabisa. Umeona? Moshi peke yake siyo hukumu. Moshi wa asubuhi tu ukiwasha halafu unakata unaweza kuwa sili za valvu, au valvu ya PCV, ile inayorudisha hewa ya ndani ya injini, imekwama. Mluzi nao mara nyingi ni hozi ya intakula imepasuka au klampu imelegea, hewa inavuja, ni elfu kadhaa hiyo kazi. Toa bomba la hewa, shika ile nati katikati ya feni ya turbo kwa vidole viwili: kucheza kidogo sana kushoto kulia ni kawaida kwa sababu inaelea kwenye oili, lakini ikivutika kuja na kurudi ukaisikia, au mapanga yamekwaruza ukuta, hapo kweli imeondoka. Oili kiasi ukiikuta kwenye hilo bomba usipige kelele, inatoka kwenye hewa ya injini inayorudishwa.

Na ikiwa kweli imekufa, turbo mpya iingie baada ya sampu kushushwa na kusafishwa, intakula kuoshwa (mapanga yakikatika vipande vinalala humo vinasubiri kunyonywa), oili na filta mpya, gasketi iwe gasketi kweli, akishika silikoni mkamate mkono. Kabla ya kuwasha amimine oili kidogo kwenye tundu la turbo, achomoe fyuzi ya pampu ya mafuta, apige stata vipindi vifupi vifupi mpaka taa ya oili izime, ndo arudishe. Asipojua hiyo, mshukuru, ondoka na gari lako.

Oili sasa. Yule yule fundi alikuwa ananiwekea oili namba 40 tupu ya kupima kwenye pipa, eti gari likizeeka linataka oili nzito. Uongo mtupu! Weka sintetiki 5W-30 au 5W-40 (hiyo 5W ni wepesi wake injini ikiwa ya baridi), dumu liwe na sili, nunua pale wanapokupa risiti maana dumu za kujazia upya zimejaa mjini. Na kumwaga oili usisubiri kilomita 10,000 kama jirani mwenye Toyota IST isiyo na turbo. Mimi sivuki 5,000, na kama unakaa Kimara unafanya kazi Posta hata 4,000 mwaga, kwa sababu kwenye foleni kilomita hazisomi ila injini inaunguruma masaa. Stiki pima kila wikiendi gari likiwa tambarare, hizi injini zinakunywa oili kimyakimya na taa haikwambii mpaka mambo yameshaharibika.

Turbo taima aliyokutajia mdau hapo juu (kile kidude kinachoiacha injini iungurume kidogo ukishatoa ufunguo, turbo ipoe) usihangaike nayo, turbo ya Subaru inapozwa na maji pia, na ukitoka kwenye foleni ya Mwenge kuja nyumbani turbo yenyewe ilikuwa imelala njia nzima. Ukitoka kukimbiza Bagamoyo Road usiku ndo uiache inguruma dakika moja kabla ya kuzima.

Jumamosi fundi akifika, bolti kwanza. Kichujio kikitoka piga picha ukikishika mwangani, weka hapa hapa, na ujazie turbo ikivutika au haivutiki. Akikataa kufungua ni-PM nikupe namba ya huyu wa pili, yuko Ilala, ana kisirani ila anafungua.