Kisanduku cha "tuma takwimu za matumizi": ukubali au ukatae?

Kazi yangu ni kutengeneza kompyuta na kuandika programu ndogondogo za maduka, kwa hiyo swali hili naulizwa sana: "Fundi, hapa wanasema watakusanya takwimu za matumizi bila kunitambulisha. Nibonyeze ndiyo?" Huwa nauliza kwanza ni programu gani. Zipo ninazoziacha zitume, na zipo ninazozizima palepale. Ila hayo maneno "bila kukutambulisha" peke yake hayanitulizi, maana nimewahi kukaa upande wa kupokea.

Tulikuwa na programu ya kuhesabu stoo ya maduka ya dawa. Kwa ridhaa ya wenye maduka, ilikuwa inatuma mistari mifupi: namba ya mashine, saa, kitufe kilichobonyezwa, toleo la Windows, na sekunde ambazo ukurasa ulichukua kufunguka. Jina la duka halimo, dawa hazimo, bei hazimo. Faida yake niliiona mapema. Tulishapanga kuachana na Windows 7, kumbe wateja wengi bado wanaitumia. Ripoti ya mwezi, ambayo kwenye mashine yangu ilifunguka papo hapo, kwao ilizunguka weee mpaka mtu anaamua kuifunga. Wala hakuna aliyepiga simu kulalamika, walishazoea. Hapo ndipo nilipoanza kuwaonea huruma wanaozima kila kitu. Anayezima hahesabiwi, na mwandishi wa programu aliye mbali anadhani dunia nzima ina kompyuta kama yake. Wenye mashine za mtumba na bando la kubana ndio wanaosahauliwa kwanza.

Lakini kuna namba moja kwenye jedwali ilikuwa inanyamaza kila Ijumaa jioni na kurudi Jumamosi usiku, wiki baada ya wiki. Msabato kati ya wateja wetu alikuwa mmoja tu. Namba nyingine ilifungua kabla ya alfajiri na kufunga watu wameshalala: duka la stendi hilo, hakuna lingine. Sikuwa namchunguza mtu, nilikuwa natafuta kwa nini ripoti inachelewa. Baada ya hapo namba ya mashine tukaifanya ibadilike kila siku, na saa tukaiondoa kabisa. Kazi yetu haikupungukiwa na chochote.

Wakubwa nao yaliwakuta. Mwaka 2006 kampuni ya AOL ya Marekani ilitoa hadharani mambo yaliyotafutwa kwenye mtandao wake na watu kama 650,000, kwa ajili ya watafiti. Majina yaliondolewa, kila mtu akapewa namba. Ndani ya siku chache waandishi wa New York Times walishamfikia mama mmoja wa jimbo la Georgia, kwa kusoma tu alichokuwa akitafuta: mafundi wa bustani wa mji wake, watu wa ukoo wenye jina lake. Kilichomfichua ni ile namba moja iliyoyaunganisha yote. Na mwaka 2013 watafiti waliochambua data za simu za watu milioni 1.5 walionyesha kwamba ukijua mahali na saa mara nne tu, unaweza kuwatofautisha na wengine wote watu 95 kati ya kila 100.

Inawezekana kuhesabu watu bila kuwajua, na njia yenyewe ni ya zamani. Mtakwimu Stanley Warner aliiandika mwaka 1965. Kwa namna yake rahisi ni hivi: unataka kujua wangapi kijiweni wamewahi kudoea harusi. Kila mtu anarusha sarafu kifichoni. Ikiangukia upande mmoja, anasema ukweli. Ikiangukia wa pili, anasema "ndiyo" tu, hata kama hajawahi. Kati ya watu 100, wakisema ndiyo 60, unajua karibu 50 ni wa sarafu. Wanabaki 10 kati ya 50 waliosema ukweli, yaani mmoja kati ya watano. Ukimkamata yeyote aliyesema ndiyo, huna ushahidi naye. Google waliweka mbinu ya aina hii kwenye Chrome mwaka 2014, na Apple wakafuata na yao mwaka 2016.

Kwa hiyo mimi natazama kama programu inakubali kukuonyesha inachotuma. Kwenye Firefox andika about:telemetry pale juu, utaona data inazokusanya, pamoja na namba ya kukufuata. Windows ina kisomeo chake cha data za uchunguzi. Debian, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, wakati wa kusakinisha wanakuuliza, jibu lililotangulia kuwekwa ni hapana, na matokeo yanawekwa wazi kwa kila mtu. Asiyeonyesha, namnyima.

Kuna dada muuza vitenge alikuja nimzimie "mambo ya Microsoft ya kuchunguza watu". Nikamzimia. Simu yake mkononi ilikuwa na programu ya mkopo iliyosoma orodha yote ya majina, na iliwahi kumtumia mama mkwe wake meseji ya deni. Hapo hakuna cha bila jina. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya wana yao ya 2019, lakini zote zinalinda taarifa zinazomhusu mtu anayeweza kutambulika. Kampuni ikishasema data zake hazimtambulishi mtu, inadai kwamba sehemu kubwa ya masharti haiihusu. Ndiyo maana wanayapenda sana hayo maneno.

Kwangu Windows nimeiachia itume zile takwimu za lazima tu. Kwenye simu nimefuta kitambulisho cha matangazo, yaani namba ambayo watangazaji hukufuatia. Android 12 na kuendelea inaruhusu, kipo kwenye mipangilio, sehemu ya faragha. Programu za mkopo sisakinishi, na anayetaka nimsakinishie aende kwa fundi wa jirani.