Rangi kuukuu ya chekechea na risasi iliyomo ndani yake

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu wa chekechea hapa Nyalenda, Kisumu. Madirisha, milango na bembea za shule yetu vilipakwa rangi ya mafuta ya manjano na kijani miaka mingi iliyopita, na sasa rangi hiyo inabanduka. Wazazi wamechanga fedha ili ipakwe upya likizo ya Desemba, na fundi amesema ataikwangua yote kwa msasa. Nimesikia kwamba mataifa yamekubaliana kuondoa risasi, ile metali yenye sumu, katika rangi. Je, makubaliano hayo yanatuhusu sisi?

JIBU: Mwalimu, yanawahusu, lakini yanahusu zaidi mkebe mtakaonunua kuliko rangi iliyokwisha kukauka kwenye madirisha yenu.

Juhudi hizi ni za muda mrefu. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia rangi nyeupe ya risasi ndani ya majengo, kwa ajili ya kuwalinda mafundi waliokuwa wakiugua. Watoto wanaoishi ndani ya majengo hayo hawakulengwa, ingawa madaktari wa Queensland, Australia, walikuwa wamekwisha kuonyesha tangu mwaka 1904 kwamba rangi ya nyumba ilikuwa ikiwadhuru watoto. Kucheleweshwa huko kunanihuzunisha hadi leo. Ilipofika mwaka 2011 ndipo ulipoundwa muungano wa kimataifa unaoongozwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao makuu Nairobi, ukiwa na lengo la kila nchi kuwa na sheria kufikia mwaka 2020. Lengo hilo halikutimia. Hata hivyo, nchi zaidi ya 90 sasa zina sheria, na kiwango kinachopendekezwa, ambacho Kenya nayo imekiweka, ni risasi isiyozidi sehemu 90 katika kila sehemu milioni moja za rangi.

Viwanda vilipenda risasi kwa sababu mchanganyiko wake hutoa manjano kali isiyofifia upesi, na manjano hiyo ikichanganywa na buluu hutoa kijani. Michanganyiko mingine ya risasi huharakisha kukauka kwa rangi ya mafuta au huzuia chuma kisishike kutu. Kwa hiyo rangi zenu, na hasa ile ya vyuma vya bembea, ni za kutiliwa shaka, ingawa ni maabara tu inayoweza kuthibitisha.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni msasa. Kukwangua rangi kavu huigeuza kuwa vumbi laini linalotua sakafuni na kwenye udongo wa uwanja, na mtoto hulila kwa vidole vyake. Mwili wa mtoto hufyonza risasi mara nne hadi tano zaidi ya wa mtu mzima, na ubongo unaoendelea kukua hudhurika bila kurejea hali yake ya awali. Hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Mwambieni fundi aloweshe rangi kwa maji kabla ya kuigusa, aondoe ile inayobanduka tu, asiichome kwa moto, avae barakoa inayozuia vumbi laini, na atandaze turubai chini. Mabaki yafungwe ndani ya mfuko na yasichomwe wala kumwagwa shambani. Sakafu ipigwe deki badala ya kufagiwa, na watoto na wanawake wajawazito wakae mbali mpaka kazi iishe. Mnaponunua rangi mpya, muulizeni muuzaji iliyoandikwa kwamba haina risasi, na mkatae rangi ya kupimiwa kutoka kwenye mkebe usio na lebo.

Ikiwa kuna mtoto mwenye mazoea ya kutafuna vipande vya rangi, mzazi wake ampeleke hospitali aombe kipimo cha risasi katika damu, hata kama mtoto anaonekana mzima, kwa kuwa madhara huanza kabla ya dalili kuonekana.